Guangzhou Yote Naijua Mimi

Makofi mliyonipigia yanatosha, ingawa mkiongeza sitawazuia.

Mshereheshaji amenitambulisha kwa maneno machache mno. Amesema, "Mzungumzaji wetu amewahi kufika Uchina." Amewahi kufika! Hata hizo ndala mlizovaa zimewahi kuwa Uchina, tena zimezaliwa huko, na hakuna aliyezialika kutoa hotuba. Andikeni vizuri kwenye madaftari yenu: mimi ni Bingwa wa Uchina kwa Afrika Mashariki na Kati, na Mshauri Mwandamizi wa Masuala ya Guangzhou na Vitongoji Vyake, vyeo nilivyojitunuku baada ya kujihoji mwenyewe kwa ukali na kujikuta ninafaa. Muda niliokaa huko si hoja ya kitaalamu. Kuna mtu amezaliwa Kariakoo na mpaka leo anapotea Mtaa wa Sikukuu.

Kabla yangu, pwani hii ilitoa msafiri mmoja tu wa maana kwenda Uchina, naye alikuwa twiga. Sitanii. Mwaka 1415 wajumbe wa Malindi walimfikisha twiga kwa mfalme Yongle wa nasaba ya Ming. Wachina hawakuwa na mnyama wa aina ile, wakaona anafanana na qilin, mnyama wa baraka anayetajwa katika masimulizi yao, ambaye hujitokeza tu pale dunia inapokuwa na mtawala mwema. Mfalme alitoka mwenyewe mpaka langoni kumpokea. Wajumbe wa Malindi baadaye walirudishwa kwao katika merikebu za Admirali Zheng He, wakiwa na zawadi. Twiga alibaki. Hakurudi kutoa semina, hakuandika mwongozo, hakufungua hata kikundi cha WhatsApp. Kazi hiyo imeniangukia mimi, karne sita baadaye, na nimeipokea kwa unyenyekevu wangu unaojulikana.

Twiga alipokewa na mfalme. Mimi katika uwanja wa ndege wa Baiyun nilipokewa na mashine. Mashine hiyo huchukua alama za vidole vyote kumi, kisha huchukua picha ya uso. Wasafiri wenzangu walinung'unika. Mimi nilielewa mara moja kwamba nchi yenye kumbukumbu ndefu kiasi kile haiwezi kukubali mtu wa hadhi yangu apite bila kuhifadhiwa. Niliwaambia wachukue na za mkono wa kushoto mara ya pili, kwa usalama wa nyaraka.

Sasa, Guangzhou ni nini? Ni mji mkuu wa jimbo la Guangdong, kusini mwa Uchina, kando ya Mto Zhujiang. Wazungu wa zamani waliuita mji huo Canton. Kwa sensa ya 2020 una watu zaidi ya milioni 18. Sijawahesabu upya. Dar es Salaam yetu, kwa sensa ya 2022, ina milioni tano na ushei, kwa hiyo Guangzhou moja ni Dar tatu na chenji. Na wala si mji mkubwa kuliko yote kule. Una mnara wa mita 600 uliofunguliwa mwaka 2010. Nimeuona. Ni mrefu. Tuendelee.

Uchina nzima, toka baharini mpaka mipaka ya Asia ya Kati, hutumia saa moja tu, na saa hiyo inatangulia ya kwetu kwa saa tano. Ukimpigia mkeo simu saa tano usiku wa Guangzhou, nyumbani ni saa kumi na mbili jioni. Huna kisingizio cha kusema uliogopa kumwamsha. Lakini hutampigia, kwa sababu WhatsApp yako itakuwa imekaa kimya. Google kimya, Facebook kimya, YouTube kimya, Instagram kimya. Serikali ya kule imefunga mitandao hiyo na ina ya kwake. Mgeni wa kawaida hupaniki. Mimi nilitambua kwamba mji umeniandalia mapumziko ya akili. Kwa bahati mbaya nyumbani hawakutambua, wakaanza kuchangishana.

Naona mama mmoja mstari wa pili, mwenye kitenge cha bluu, amenyoosha mkono. Mama, maswali yana muda wake. Anasema si swali? Haya, sema, lakini kwa kifupi. Anasema ukiwasha romingi ya laini ya nyumbani, WhatsApp inafunguka bila matatizo, ila ukikaa siku nyingi vocha inakumaliza. Na kwamba kabla ya kuondoka mtu apakue WeChat akiwa bado hapa Dar, kwa sababu kufungua akaunti mpya mara nyingi hutaka mwenye WeChat mwingine akuthibitishe. Asante, mama. Hayo yote nilikuwa nayafikia.

Ramani. Usiamini ramani ya simu uliyoizoea. Uchina ina mfumo wake wa vipimo, na serikali inataka ramani zote zichorwe kwa mfumo huo, kwa hiyo ramani ya kigeni ikikutana na mitaa yao huenda ikakusogeza mamia ya mita. Yangu ilinionyesha nikitembea juu ya Mto Zhujiang. Nilitembea hivyo muda mrefu, na kiatu hakikulowa. Wenyeji hutumia Gaode au Baidu. Mtaalamu hutumia kadi ya hoteli yenye anwani kwa herufi za Kichina, anamwonyesha dereva wa teksi, anaegemeza kichwa kwenye kiti na kuonekana mtu anayefikiri.

Kuhusu hoteli, sheria inataka kila mgeni aandikishwe polisi ndani ya saa 24 tangu afike. Ukilala hotelini, hoteli inakufanyia kwa kutumia pasipoti yako; ukilala kwa rafiki, nendeni wote wawili kituoni mkajiandikishe. Wengine huona huu ni usumbufu. Mimi nililala usingizi mnono nikijua kwamba katika mji wa watu milioni 18, polisi wanafahamu niko chumba gani. Chumba changu kilikuwa ghorofa ya tano, ambayo chini yake palikuwa na ghorofa ya tatu. Ya nne haikuwepo. Wachina wengi huikwepa nne kwa sababu inawakumbusha kifo, na huipenda nane kwa sababu inawaletea utajiri. Ndiyo maana Olimpiki ya Beijing ilifunguliwa tarehe 8 mwezi wa 8 mwaka 2008, saa nane usiku kwa hesabu yao. Kwa hesabu ya saa zetu ilikuwa saa mbili. Tungewaharibia bahati yote kwa kukaa tu jukwaani na kuuliza saa.

Sasa fedha, na naomba vijana wa nyuma muache kuchati. Nilikwenda na dola ndani ya soksi, kama walivyofanya wazee wetu, nikazibadilisha benki nikapewa yuan zenye picha ya Mao. Nikatoka mtaani nikiwa na njaa na nguvu ya kiuchumi. Nikamkuta mzee anauza viazi vitamu vya kuchoma kwenye pipa. Nikatoa noti ya mia. Mzee akanionyesha kibao chenye miraba midogo myeusi na myeupe. Nikakitazama kwa makini, nikampongeza kwa sanaa yake. Akakionyesha tena. Nikakipiga picha ya kumbukumbu. Sheria ya kule inamtaka mfanyabiashara apokee noti, na yule mzee aliipokea, ila chenji alikwenda kuikusanya kwa majirani, na foleni nyuma yangu ikarefuka mpaka kona. Wote katika foleni walikuwa wameshika simu. Nadhani walikuwa wanarekodi.

Mtu wa kawaida angejifunza kutokana na hapo kwamba tangu mwaka 2023 mgeni anaweza kuunganisha kadi yake ya Visa au Mastercard na Alipay au WeChat, akaskani kile kibao kama kila mtu, na kwamba malipo yasiyozidi yuan 200 hayana tozo, yakizidi hapo inakatwa asilimia 3. Angejifunza pia kuijaribu kadi hiyo nyumbani kabla ya safari, kwa sababu benki nyingine huiona yuan ya kwanza na kudhani umeibiwa. Mimi nilijifunza kwamba viazi vya kule ni vitamu.

Barabarani mnapaswa kuwa na adabu ya shingo. Sisi huku tunaendesha kushoto, wao wanaendesha kulia. Mtanzania akitaka kuvuka hutazama upande ambao hakuna gari linalokuja, akaridhika, akaingia. Hata ukiirekebisha shingo, bado kuna pikipiki za umeme. Bodaboda wa kwetu, pamoja na dhambi zake, hukutangazia ujio wake kutoka mtaa wa tatu. Pikipiki ya Guangzhou haina sauti. Inapita barabarani, inapita kando ya barabara, inapita mahali ulipokuwa umeweka mguu, na aliyeipanda ana chakula cha mtu mgongoni na dakika chache za kukifikisha. Mimi nilitembea kwa kunyata na kugeuka ghafla, mtindo ambao watu waliufurahia sana.

Na kufurahiwa nilifurahiwa. Kuna mtaa wa watembea kwa miguu uitwao Beijing Lu, katikati ya mji wa zamani, ambako wamechimba na kuweka vioo juu, ukitazama chini unaona barabara za enzi zilizopita, tabaka juu ya tabaka, nyingine za tangu nasaba ya Tang. Wakati watu wazima wameinama wanapiga picha barabara ya miaka elfu na zaidi, familia nzima, dhahiri imetoka mikoani kutembea, iliniomba nipige nayo picha. Bibi alinishika nywele. Mtoto alilia. Kisha wakaja wengine. Watafiti wavivu wanadai hii ni kwa sababu wapo watu wa bara ambao hawajawahi kumwona Mwafrika ana kwa ana. Nadharia yangu ni kwamba habari za kazi yangu zilikuwa zimekwishafika.

Tuingie mezani, maana hapa wasafiri wengi hujiaibisha. Watu wa Guangzhou wana ibada ya chai ya asubuhi. Wanakaa mezani muda mrefu, wazee na magazeti yao, familia na watoto wao, wanakunywa chai huku wakiletewa vitafunwa vidogo vya mvuke ndani ya vikapu vya mianzi. Ndiyo dim sum. Nilialikwa na mwenye duka mmoja aliyekuwa na matumaini na mtaji wangu. Kila mtu alipewa bakuli, kikombe, kijiko na vijiti, likaletwa birika la chai ya moto, na bakuli moja kubwa tupu likawekwa katikati. Hapa andikeni. Chai ya kwanza humiminwa ndani ya bakuli lako, juu ya kijiko na vijiti. Hiyo ni supu ya ufunguzi. Ni nyepesi, haina chumvi, lakini inachangamsha tumbo. Nikainywa yote. Wenyeji wangu, kwa adabu yao, hawakuinywa. Walizungusha vikombe vyao ndani yake, wakageuza na vijiko, wakaimwaga katika lile bakuli kubwa, halafu wakabaki wananitazama. Nilipoona wanaimwaga supu nzuri namna ile, nikawaomba wanipe na yao.

Sielewi mama wa mstari wa pili anacheka nini mpaka amejifunika uso kwa kitenge. Hakuna la kuchekesha katika supu.

Mambo mengine ya mezani nayasema haraka. Mtu akikumiminia chai, gonga meza kwa vidole viwili, ndiyo shukrani. Usichomeke vijiti wima ndani ya wali, wao hufanya hivyo mbele ya marehemu. Maji ya bomba hawanywi, na maji ya kunywa utaletewa ya moto hata kama nje kuna jua la kupasua kichwa. Chooni nenda na karatasi yako mwenyewe, na magoti imara. Nguruwe yumo katika vyakula vingi, hata usivyomtarajia, kwa hiyo anayekula halali atafute mgahawa wa tambi za Lanzhou: bango mara nyingi la kijani lenye maandishi ya Kiarabu, wenyewe wengi ni Waislamu kutoka Qinghai na Gansu, tambi inavutwa kwa mikono mbele ya macho yako, na supu ya ng'ombe ile ukipewa ni supu kweli. Nilimuuliza mpishi kwa nini ya kwake ina chumvi na ya asubuhi haikuwa nayo. Aliniongezea nyama bila kujibu.

Sasa tupande ngazi ya historia, kwa faida ya wale walioacha shule mapema. Mnaodhani mgeni wa kwanza Guangzhou ni mfanyabiashara wa Kariakoo mwenye begi la dola, sikieni. Kuna msikiti mle uitwao Huaisheng, wa zamani sana, wenye mnara wa mita 36 hivi ambao zamani uliwaongoza mabaharia kwa taa yake. Na kwa mapokeo ya Waislamu wa mji ule, sahaba Saad bin Abi Waqqas amezikwa mjini humo, katika bustani iliyoko kaskazini mwa mji wa zamani, penye msikiti wa Xianxian. Siku ya Ijumaa watu hufurika mpaka nje: Wachina wa Hui, Waarabu, Wapakistani, Wasomali, Wamali, watu wa pwani yetu. Hapa sina nadharia. Nilivua viatu nikaingia.

Karne nyingi baadaye wakaja Wazungu, na Wachina wakawapangia utaratibu. Toka mwaka 1757 mpaka 1842 biashara ya baharini ya nchi za Magharibi ilifungiwa katika bandari hii moja tu. Wageni walikaa kwenye ukanda mdogo kando ya mto, katika maghala yaliyoitwa Shisanhang, yaani kumi na tatu. Kuingia ndani ya mji, hapana. Kuja na mke, hapana. Kufanya biashara na yeyote unayemtaka, hapana. Kuna wafanyabiashara maalumu wenye kibali, ongea na hao. Msimu wa biashara ukiisha, ondoka, nenda Macau ukasubiri. Hata kuwafundisha Kichina kulikatazwa. Utaratibu huo Waingereza waliuvunja kwa mizinga, katika vita vya kasumba, na maghala yenyewe yakateketea kwa moto mwaka 1856. Leo jina la Shisanhang linabebwa na soko la nguo ambalo huamka kabla ya jua, vibarua wanakimbia na marobota, na ukisimama kutafakari historia unakanyagwa. Niwaambie tu kwamba wale Wazungu walikatazwa Kichina. Mimi hakuna aliyenikataza, na bado sikukijua. Huo ndio uhuru.

Lugha, kwa kweli, si tatizo, kwa sababu biashara ya Guangzhou inaongea kikokotoo. Mwenye duka anaandika bei, anakusukumia. Wewe unafuta, unaandika ya kwako, unamrudishia. Anacheka kwa uchungu, anafuta. Mnaweza kwenda hivyo robo saa bila neno, na mkaachana mnajuana kuliko majirani. Kadi ya biashara muipokee kwa mikono miwili, jambo ambalo mtu aliyelelewa vizuri na bibi yake hahitaji kufundishwa. Na msiende dukani mchana mara baada ya chakula: utakuta mhasibu, muuzaji na mwenye mali wote wamelaza vichwa mezani wamesinzia, taa zimezimwa. Hawaumwi. Wanaamka baadaye wakali kama nyuki.

Nikiwa katika soko la mabegi ya ngozi, upande wa Sanyuanli, nilipenda begi moja. Kikokotoo cha yule dada kilikuwa kimeisha betri. Nikamuuliza bei kwa kuonyesha uso. Akaninyooshea bastola ya vidole, kidole gumba juu na cha shahada mbele. Ndugu zangu, nimepitia mgambo. Bila kutetemeka nikainua mikono yote miwili, vidole vyote kumi wazi. Dada akashusha bastola, akatabasamu mpaka magego, akalifunga begi, akachukua yuan mia moja, na akanipa zawadi ya kalenda. Hivyo ndivyo mtaalamu anavyotuliza hali.

Naam, mama? Naona umesimama kabisa.

Anasema, nanukuu, "Mwanangu, ile bastola ni nane. Alikuambia themanini, wewe ukamwambia mia." Kwanza, mama, ningeomba niitwe Bingwa. Pili, anasema Wachina huhesabu mpaka kumi kwa mkono mmoja: sita ni gumba na kidole cha mwisho, mithili ya simu, nane ni hiyo bastola, kumi ni kidole cha shahada na cha kati vimepishana msalaba. Na kwamba begi lenyewe ukichukua dazeni linapatikana kwa hamsini, kwa sababu soko la jumla halimpendi mtu wa kimoja kimoja. Sawa. Yuan ishirini za ziada nilizitoa kwa ajili ya uhusiano mwema baina ya mataifa yetu, uhusiano uliojenga reli ya TAZARA.

Kabla sijakatizwa nilikuwa naelekea kwenye ugunduzi wangu mkubwa kuliko yote, ambao hamtaupata kwa mtu mwingine. Uchumi wa Guangzhou umeanguka. Msishtuke. Nimeona kwa macho yangu. Siku za kwanza watu walikuwa wengi, maduka wazi, ingawa nilishangaa kuona barabara kadhaa zimegeuzwa soko la maua: miti ya michungwa midogo ndani ya vyungu, matawi ya maua ya waridi, watu wanabeba miti kwenye pikipiki. Nikaandika katika daftari: *wafanyabiashara wanahamia kilimo cha bustani.* Siku mbili tatu baadaye nikaamka nikakuta mji umehama. Sanyuanli milango ya chuma imeshushwa. Zhanxi, kule kwenye saa na viatu, kimya. Na kila mlango umebandikwa karatasi nyekundu pande zote mbili, maandishi meusi na ya dhahabu, rasmi kabisa. Anayefahamu mambo ya mamlaka ya mapato hahitaji mkalimani. Mji mzima ulikuwa umefungiwa kwa deni la kodi.

Hali ya hewa nayo ilikuwa ya baridi yenye unyevunyevu, chumbani hakuna joto, kwa hiyo ushauri wangu kwa wote mnaokwenda, mwezi wowote, ni koti zito.

Mama ameuliza nilikwenda mwezi gani. Februari. Kwa nini ukumbi wote unacheka?

Anasema ulikuwa Mwaka Mpya wa Kichina. Anasema zile karatasi nyekundu ni maneno ya heri, watu hubandika milangoni. Ile michungwa ni ya kuita utajiri ndani ya nyumba. Na yale masoko ya maua huwepo kwa siku chache tu kabla ya sikukuu. Kalenda ya yule dada nayo ndiyo ilikuwa ya mwaka mpya. Anasema wafanyakazi wa viwandani wengi si wa Guangzhou, wanatoka majimbo ya mbali, na wakati huo hupanda treni mamilioni kwa mamilioni kurudi kwao, viwanda vikafungwa wiki mbili, tatu, vingine mwezi, na hata baada ya kufunguliwa mafundi huchelewa kurudi, kwa hiyo oda ya Januari usipoilipia mapema utaipata Machi. Anasema yeye anayekwenda kununua huenda Aprili au Oktoba, wakati wa Maonyesho ya Canton, ambayo yapo tangu mwaka 1957, hufanyika mara mbili kwa mwaka kule Pazhou, kwa awamu tatu, na kila awamu ina bidhaa zake, kwa hiyo anayetaka vitambaa akienda awamu ya mashine atarudi na vipeperushi. Anasema ukienda Julai na koti zito utaokotwa barabarani, kwa sababu Guangzhou ya Julai ni moto kuliko Dar. Anasema mzigo mdogo usiojaza kontena watu huchangia kontena, unalipia ujazo wako tu, lakini umjue ajenti wako kwa sura, kwa ofisi na kwa watu aliowasafirishia, si kwa picha ya WeChat. Na anasema mwaka 2027 Mwaka Mpya wao unaangukia tarehe 6 Februari, kwa hiyo kuanzia mwisho wa Januari mtu asikanyage kule.

Mama, umemaliza? Hukumaliza? Naona wamesogeza viti. Kijana, rudisha kiti. Hapana, msiandike anayosema yeye, andikeni ninayosema mimi. Madaftari hayo ni ya semina yangu. Mama, umekwenda Guangzhou mara ngapi? Anasema ameacha kuhesabu. Mnaona? Hana takwimu.

Natangaza sasa, kwa wale waliobaki upande huu wa ukumbi, kwamba msafara wa kwanza wa Guangzhou chini ya uongozi wangu binafsi unaondoka tarehe 3 Februari 2027. Nauli tumeipata kwa shida, ndege zinazokwenda huko wakati huo zimejaa Wachina wanaorudi makwao. Ila hoteli ni rahisi kuliko msimu wowote, na nimehakikishiwa kwamba masokoni hakutakuwa na msongamano hata kidogo. Malipo ni taslimu, na nafasi bado zipo zote.